Kikombe Kisichotikiswa

Kwenye matanga ya Bi Zuwena nilikunywa vikombe saba vya kahawa. Mkwe wake, aliyekuwa akizunguka na birika, alinijazia cha nne akitabasamu, cha tano akinitazama usoni, na cha sita akimtupia jicho wifi yake, kama anayeuliza huyu mama Mkenya mbona hana ustaarabu. Maana Muscat kila mtu anajua: kikombe cha kahawa ni kidogo, kinamiminiwa robo tu, na anayemimina haachi mpaka wewe mwenyewe ukitikise mara mbili tatu unapomrudishia. Usipotikisa, anajaza. Ukirudisha hivyo hivyo, anajaza tena. Mimi nimekaa mji huu zaidi ya miaka ishirini, nimehudhuria harusi na misiba mpaka nimesahau hesabu, na kutikisa kikombe ninakujua vizuri. Siku ile sikutaka kutikisa. Nilikaa juu ya zulia la nyumba ile ya Mawaleh, marehemu alikohamia kwa mwanawe alipoishiwa nguvu, miguu imekufa ganzi, nikimlilia Bi Zuwena na papo hapo nikimkumbuka mzee mmoja wa Kimarekani, rubani wa ndege za mabomu. Bila yule mzee, mimi na Bi Zuwena tungeishia kwenye salamu za kijirani juu ya ukuta.

Ilikuwa mwaka 2003. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nina cheti cha kuhudumia wagonjwa na mdomo usiokaa kimya. Nilikotoka na walionilea ni hadithi nyingine, na leo sina hamu nayo. Joan, mwalimu wa Kimarekani aliyekuwa akifundisha Muscat, alinichukua nimtunze baba yake, Mzee Walter, ambaye Joan alimleta huko mwaka uliotangulia baada ya moyo wake kuanza kumsumbua. Walikaa ghorofa ya chini, Khuwair ya Kusini, nyumba yenye baraza fupi, iliyopakana ukuta kwa ukuta na ya Bi Zuwena. Mzee alikuwa na miaka themanini na moja, mrefu, mkondefu, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Nilimwita Mzee siku ya kwanza, akaniuliza neno hilo lina maana gani, nikamweleza, na tangu hapo mtu akimwita Mista alikuwa hageuki. Chumba chake kilikuwa na kitanda, kiti cha mkono kilichoangalia dirisha, redio, na kiyoyozi kikuukuu kilichonguruma mchana kutwa. Joan alitaka kununua kipya kisicho na kelele, mzee akakataa katakata. Kile kiyoyozi kikizimika, hata awe amelala fofofo, alikuwa anaamka saa ile ile na kushika kingo za kitanda.

Jambo jingine lilikuwa mayai. Wiki ya kwanza nilimkaangia mayai mawili vizuri kabisa, na kitunguu na pilipili hoho, akayasogeza pembeni kwa kidole kimoja. Nikadhani hapendi mkono wangu, nikanuna. Kumbe wakati wa Vita Kuu ya Pili, alinieleza baadaye, kambini kwao Uingereza walikuwa wakila mayai ya unga, yale ya kukoroga na maji, wiki nzima. Ukiingia bwaloni alfajiri ukapewa mayai halisi ya kukaanga, ujue leo unaruka, na huenda hurudi. "Tulikuwa tunayala kwa furaha," alisema, "halafu tunakwenda kutapika nyuma ya bwalo." Basi nikawa nampikia uji wa ulezi, akaupenda, akasema ni chakula cha kwanza maishani mwake kilichofanana na matope na kikawa kitamu.

Kazi iliyokuwa imenishinda ni barua. Kila asubuhi baada ya dawa nilikaa na kalamu na karatasi, yeye kwenye kiti chake, tumwandikie Marian. Marian alikuwa dada wa Eddie, na Eddie alikuwa kijana aliyekaa mkiani mwa ndege ya Mzee Walter, peke yake na bunduki zake, akiwalinda wenzake kwa nyuma. Ndege yao ilitunguliwa mwezi wa Machi, mwaka 1944. Ndani walikuwa watu kumi, wanne wakafa, Eddie mmojawapo. Mzee alikamatwa na adui; alipotoka kifungoni vita vilipokwisha alimwandikia Marian kwamba kaka yake alikufa papo hapo, hakusikia maumivu. Marian alimshukuru. Lakini kila Krismasi, miaka yote ile, alimtumia kadi, na chini ya kadi aliandika swali lile lile: je, Eddie alisema chochote mwishoni? Mzee hakuwahi kulijibu. Alijibu mengine yote, hali ya hewa, watoto, mbwa, lile akaliruka. Sasa daktari alikuwa amemwambia Joan kwamba baba yake haelekei kuuona mwaka mwingine, na Marian mwenyewe alikuwa na miaka themanini. Tangu Januari tuliandika "Mpenzi Marian, kuna jambo nilikuficha", halafu mzee anatazama dirisha na kuniambia, "Kesho, Rispa." Mimi sikujua jambo lenyewe. Nilijua tu kwamba kesho zenyewe zilikuwa zinakwisha.

Machi ile ikaja na vita vya Iraq. Katika kila nyumba ya mtaa wetu televisheni ilikuwa wazi kutwa, na ukipita njiani ulisikia mabomu ya Baghdad kutoka dirisha hadi dirisha. Watu walikuwa na hasira, na sikuwalaumu. Muuza duka wa pale kwenye kona, aliyekuwa akiniulizia mzee kila siku, aliacha kuniulizia. Mzee mwenyewe alitazama siku moja tu. Aliona ule moto wa mbali unavyowaka gizani kwenye kioo, akaniambia, "Zima. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiuona sisi. Mzuri, na mdogo." Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ndege yao ilipoanguka. Kila mwaka siku hiyo, Joan aliniambia, baba yake hujifungia chumbani na haongei na mtu. Safari hii alipitisha siku ya pili bila hata kutokeza barazani.

Nilikuwa naanika nguo Bi Zuwena aliponiita kutoka upande wake wa ukuta. Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, mzaliwa wa Unguja, mfupi, mwenye sauti ya kusikika mpaka Matrah.

"Rispa, mwanangu, mzee wako simuoni siku ya pili hii. Kulikoni?"

"Yuko ndani, Bi Zuwena. Anaomboleza. Rafiki zake wanne walikufa kwenye ndege."

"Inna lillahi! Wanne kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

"Masikini. Haya, n'takuja alasiri."

Hayo tu. Nilikuwa na shuka mbichi mkononi na wali jikoni, sikufikiria kumwambia ni lini. Naye hakuuliza, kwa sababu kwao mtu akifiwa huulizi lini wala vipi. Unakwenda kwanza, unakaa naye, mengine atakueleza akitaka. Nilipofahamu nilichokifanya alikuwa amekwisha ingia ndani, na harufu ya ngano na samli ilikuwa imevuka ukuta.

Alasiri nilimsikia mwanawe kabla sijamwona yeye. "Mama, wiki hii? Unakwenda kumpa pole Mmarekani wiki hii?" Na yeye: "Nakwenda kumpa pole jirani. Wewe kaa na tivii yako." Akaja na thermosi ya kahawa, bakuli la tende na sufuria ya bokoboko imefungwa kwa kitambaa, ngano na nyama imepondwa mpaka inavutika. Alikuja kwa ajili ya Joan, maana mwanamke huendea wanawake wa nyumba, lakini Joan alikuwa hajarudi kutoka kazini. Bi Zuwena akasema umri umeshamtoa katika mambo hayo, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba cha mzee, mlango wazi, mkono kifuani.

"Mwambie nampa pole kwa wenziwe. Mwambie Mungu ampe subira."

Nikafasiri. Mzee alimtazama. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama huyu mama anajua wamekufa lini. Nilitamani sakafu ifunguke. Nikamgeukia Bi Zuwena, nikamwambia taratibu kwamba samahani, kosa ni langu, hao watu walikufa mwaka 1944.

Bi Zuwena aliiweka thermosi chini. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Khamsini na tisa," akasema. "Mie n'likuwa naota meno." Nilingoja acheke, au akasirike kwamba bokoboko lake limekwenda bure. Badala yake akaniuliza, "Na matanga yao yalikaliwa wapi?"

Mzee akajibu kwamba hapakuwa na matanga. Kambini ndege isiporudi, alikuja mtu na sanduku akakusanya vitu vya waliopotea, nguo, picha, barua, akatandika vitanda vyao, na kesho yake vijana wageni walikuwa wamelala humo. Watu walikwepa hata kutaja majina. Yeye mwenyewe alifanya hivyo kwa wengine. Na aliporudi Amerika, kila mtu alitaka kumpongeza.

"Hakuna aliyempa pole?" Bi Zuwena aliuliza.

"Anasema wewe ndiye wa kwanza."

"Basi hao hawajakaliwa. Siku tatu, mwambie. Leo ya kwanza." Na akamimina.

Mzee alikunywa, akamrudishia kikombe. Hakukitikisa. Bi Zuwena akajaza. Mzee akanywa, akarudisha, akajaziwa. Nilikuwa nimekaa kati yao na nilikiona kikombe kikienda na kurudi, na ulimi uliniwasha nimwambie, Mzee, tikisa, mama wa watu ataondoka saa ngapi? Lakini alikuwa ameanza kuongea. Kati ya kikombe na kikombe, huku akimngojea amimine, alikuwa anaongea, mtu ambaye mimi nilishindwa kumtoa mstari wa pili tangu Januari. Nikaufyata ulimi. Nikawa nafasiri tu.

Siku ya kwanza aliwasimulia wale wanne mmoja mmoja, lakini zaidi Eddie. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliiba mkate bwaloni na kuuficha ndani ya nguo zake za umeme zilizomtia joto, maana juu huko palikuwa na baridi ya kugandisha pumzi ndani ya kinyago, na saa ya tano ya safari alikuwa na mkate wa moto, wenzake hawana. Aliimba nyimbo za kanisani kwenye simu ya ndani ya ndege, sauti mbovu, mpaka mzee akalazimika kumwamuru anyamaze. Hapo Bi Zuwena alicheka, akasema na kwao alikuwapo mmoja hivyo, na mzee akacheka aliposikia anacheka, kabla sijafasiri. Nilikuwa sijawahi kuona meno yake yote. Jioni alikula sahani mbili za bokoboko, Joan akanivuta jikoni kuniuliza nimempa nini baba yake.

Siku ya pili haikuwa na kicheko. Mzee alikuwa akieleza jinsi walivyokaa kwenye foleni angani, ndege mamia, makombora ya mizinga yakipasuka chini yao na pembeni, na yeye kazi yake ni kuishika ndege isiyumbe mpaka mabomu yatoke. Bi Zuwena akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya thermosi. Halafu akasema, "Na wa chini? Waliokuwa chini ya hayo mabomu, hao nani kawapa pole?"

Sikufasiri mara moja. Kwa Mungu nilitaka kulainisha, niseme anauliza kama uliogopa. Nilimtazama yule mzee wangu mkondefu, vidonge vyake vya moyo viko kwenye sahani, na nilimpenda, na nilisikia televisheni ya jirani kupitia ukutani. Nikalifasiri swali kama lilivyokuwa. Mzee aliinamisha kichwa. Akasema kwamba kutoka juu hakuwahi kuona uso wa mtu hata mmoja, na kwamba aliwaza juu ya nyuso hizo kila siku tangu alipokuwa na miaka arobaini na wanawe wakaanza shule. Hakuna aliyewapa pole, alisema. Yeye hakujua aende kwa nani.

"Hao nao basi," alisema Bi Zuwena. "Tuwakalie wote." Akamimina. Nilipogeuka nikamwona Joan amesimama ukumbini, mkoba bado begani, machozi yanamtiririka. Alikuwa na miaka hamsini, na lile la vita vya baba yake alikuwa akilisikia mara ya kwanza kupitia kwa Mkenya na Bi Mkubwa wa Unguja.

Siku ya tatu mzee alituambia jambo lenyewe. Injini mbili zilikuwa zinaungua. Alipiga kengele ya kuruka, akaishika ndege isibiringike mpaka watano wakatoka. Watatu walikuwa wamekwisha kufa kwenye bunduki zao. Eddie alikuwa hai. Mlango wa mkiani ulikuwa umepinda, hawezi kutoka, na mtu wa mbele hawezi kumfikia kwa sababu ya moto. Kwenye vipokea sauti mzee alimsikia akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rubani, bado upo?" Akauliza tena, "Bado upo?" Mzee akauchomoa waya na kuruka.

"Nisingeweza kumfikia," alisema. "Hilo najua. Lakini kujibu ningeweza."

Nilifasiri hilo kwa shida. Bi Zuwena alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza kama yule dada wa marehemu yu hai. Nikamwambia yu hai. Akauliza, ameshamwendea? Nikamwambia anamwandikia barua, na kwa kiherehere changu nikaongeza, "Tangu Januari."

"Barua!" Bi Zuwena akatoa macho. "Mfiwa anaandikiwa barua? Mfiwa anaendewa. Kama kwenda hawezi, simu hiyo hapo. Mwambie sisi tupo, hatuondoki."

Joan aliogopa. Alisema moyo wa baba hautastahimili, na Marian je, mwanamke wa miaka themanini aliyelala na uongo mzuri muda wote huo, tuna haki gani ya kumwondolea? Hilo nilikuwa nimeliwaza na mimi. Mzee alilijibu mwenyewe. "Hajalala," alisema. "Angelala asingeuliza kila mwaka." Kwetu ilikuwa alasiri, kwa Marian kule Amerika asubuhi. Nilibonyeza namba mimi, maana vidole vyake viliruka vitufe, nikawasha spika na kumwekea simu mapajani.

Sauti ya Marian ilikuwa nyembamba lakini imara. Mzee hakuzunguka. Alimwambia kwamba mwaka ule alimdanganya, akamweleza moto, mlango, waya. Akamwambia maneno ya Eddie na kwamba hakuyajibu. Halafu akanyamaza, na upande wa pili kukawa kimya. Tulisikia maji yakidondoka mahali fulani jikoni kwa Marian, tone, tone. Joan alikuwa ameshika mkono wangu mpaka unauma. Nilidhani Marian amekata simu, au ameanguka, na nikajilaumu kuanzia zile shuka za kuanika mpaka kile kiherehere changu. Mzee alikuwa amefumba macho. Bi Zuwena hakuelewa hata neno moja, lakini kukaa kimya na mfiwa alikujua kuliko sisi sote, na alikaa.

Kisha Marian akasema, polepole, "Walter? Bado upo?"

Mzee alifungua macho. Kifua kilipanda na kushuka mara moja, kwa nguvu, nikasogea nikidhani ni moyo.

"Nipo, Marian," alisema. "Nipo hapa."

"Basi usikate," alisema Marian. "Nisimulie habari za ule mkate."

Walizungumza mpaka adhana ya magharibi. Ile barua haikuandikwa tena; waliongea kila Ijumaa mpaka Agosti, mzee alipotutoka, na Marian ndiye aliyetupa pole wa kwanza, kwa simu, akimtaja na Bi Zuwena kwa jina alilolitamka vibaya sana. Lakini jioni ile ya tatu, simu ilipowekwa chini, Bi Zuwena alikuwa anataka kwenda kuswali. Akamimina cha mwisho, akampa mzee. Mzee akanywa taratibu, akakishika kikombe kwa vidole viwili, akakitikisa mara tatu, sawasawa, bila hata kutetemeka, na kumrudishia.

Nilibaki mdomo wazi. "Mzee! Nani amekufundisha?"

"Rispa," aliniambia, na macho yake yalikuwa mekundu lakini yanacheka, "nimekaa Muscat mwaka mzima. Ulidhani sijui kutikisa kikombe?"